Chema Chajiuza?

Kuna methali ambayo hunikera kila mwisho wa mwezi, mshahara unapoingia: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tulifundishwa shule ya msingi, tukaiandikia insha, tukapewa alama. Maana yake iko wazi. Kitu kizuri hakihitaji kupigiwa debe, watu watakifuata wenyewe. Kibaya ndicho huzungukazunguka sokoni kikitafuta wa kukishika.

Mimi nalipwa kutembeza. Nafanya kazi katika ofisi ya mawasiliano ya shule moja ya biashara hapa Nairobi. Ukiondoa maneno mazito ya barua ya ajira, kazi yangu ni hii: wanahabari watujue, watupigie simu, wawanukuu wahadhiri wetu, na siku ya mahafali walete kamera. Benki Kuu ikibadilisha riba, natakiwa niwe nimempata haraka mhadhiri wa kulieleza jambo hilo, na ripota wa kumsikiliza. Kama methali ni ya kweli, basi hati yangu ya mshahara ni ushahidi kwamba tunachouza ni kibovu.

Marafiki huniuliza kwa mzaha, "Kwa hivyo wewe ni dalali wa maprofesa?" Nacheka nao. Lakini chini ya mzaha huo kuna swali ambalo si la kuchekesha, na ndilo ninalotaka kulifikiria hapa: je, unaweza kujenga uhusiano na mtu ambaye kazi yake ni kusema ukweli kukuhusu, bila kuharibu ama uhusiano ama ukweli?

*

Nianze kwa kuitetea kazi yenyewe. Ile methali ni ya soko ambapo muuzaji na mnunuzi wanaonana. Embe zuri unaliona, unalinusa, unalibonyeza kidogo mwenye kibanda akiangalia kando. Maarifa hayabonyezwi hivyo. Mhadhiri anaweza kukaa miaka minne akichunguza jinsi wafanyabiashara wa Gikomba wanavyojiinua kila baada ya moto. Akimaliza, anaandika makala kwa Kiingereza kigumu, yanachapishwa katika jarida ambalo kulisoma ni kwa dola, na yule mama wa Gikomba aliyejibu maswali yake yote hataona hata aya moja. Chema hicho hakijiuzi. Kimefungiwa ndani.

Juni 2024 ilinifunza jambo hili vizuri kuliko kozi yoyote. Vijana waliusoma Mswada wa Fedha kwenye simu zao, wakaufafanua kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaeleza kodi ya mkate kwa video za sekunde sitini. Wengi wao si wahasibu. Wakati huohuo, kulikuwa na watu mjini waliosomea kodi mpaka shahada ya uzamifu. Wachache ninaowafahamu walijitokeza kuzungumza. Wengine walisubiri waulizwe, na waliotaka kuwauliza hawakuwa na nambari zao.

Hapo ndipo mtu kama mimi anapata kazi ya halali. Kujua ni ripota yupi anaandika kuhusu kodi na yupi kuhusu kilimo, na kutomjazia wa kilimo barua pepe za kodi. Kupokea simu saa kumi na mbili asubuhi. Kumwambia ripota, "Hapa kwetu hakuna anayelijua hilo vizuri, jaribu chuo kile kingine." Na kumkalisha mhadhiri chini tutafute Kiswahili.

Hiyo ya mwisho ndiyo naipenda kuliko zote. Mtu amefundisha fedha miaka kumi na tano kwa Kiingereza, halafu redio inampa dakika nne kwa Kiswahili. Mfumuko wa bei anao. Dhamana anayo. Lakini ukimuuliza kampuni yenye majengo na magari inawezaje kukosa pesa za kulipa mishahara, anakwama, anaangalia dari, anatafuta neno. Tunazunguka, tunazunguka, mpaka tunafika kwa mwenye shamba la ekari kumi ambaye hana nauli ya kwenda mjini. Anacheka, maanake na yeye ameelewa upya kitu alichokuwa akikifundisha kila muhula.

Kwa hivyo sikubali kwamba kila kinachotembea ni kibaya. Maji safi nayo husafiri kwa bomba. Swali ni bomba lina nini ndani yake, na nani analishikilia.

*

Kazi hii ina babu yake. Ivy Lee alikuwa mwanahabari wa New York kabla ya kuvuka upande wa pili. Mwaka 1906, akiwakilisha wenye migodi ya makaa ya mawe walipokuwa na mgogoro na wafanyakazi wao, aliyatumia magazeti tamko la kanuni zake. Kwa ufupi alisema: kazi yetu tunaifanya hadharani, tutawapa habari sahihi, na mkiona tunachowaletea kinafaa kulipiwa kama tangazo, msikitumie. Ukilisoma tamko hilo leo unaweza kulibandika ukutani. Bado linanyooka.

Halafu ikaja 1914. Huko Ludlow, Colorado, wanajeshi wa jimbo na walinzi wa kampuni walishambulia kambi ya hema ya wachimba migodi waliogoma. Takriban watu 20 walikufa, wengi wao wanawake na watoto. Familia ya Rockefeller, iliyokuwa na hisa nyingi katika kampuni ya migodi, ilimwajiri Lee. Taarifa alizosambaza zilibeba mambo ambayo hayakuwa kweli, na mwandishi Upton Sinclair akambandika jina la mmea wa sumu unaofanana na jina lake.

Simtaji Lee ili nimzomee. Namtaja kwa sababu kanuni zake hazikuwa mbaya. Zilikuwa na pengo. Zilieleza vizuri sana atakavyomtendea mhariri, na hazikusema lolote kuhusu watu wa kwenye hema.

*

Sisi watu wa Nairobi hatusemi "uhusiano". Tunasema, "Pale niko na mtu wangu." Niko na mtu wangu hospitalini. Niko na mtu wangu kwa ofisi ya ardhi. Niko na mtu wangu gazetini. Mtu wangu ni yule atakayeniondoa kwenye foleni. Si lazima awe mbaya. Mara nyingi ni binamu, au mlisoma pamoja, au mamako na mamake wako chama kimoja. Mahali ambapo mlango wa mbele hufungwa bila maelezo, mtu wangu ndiye mlango. Simhukumu anayempeleka mzazi hospitali saa nane usiku akampigia mtu wake.

Lakini foleni ni hesabu. Nikisogea mbele, kuna mtu amerudi nyuma, na huyo hata jina simjui. Wakubwa wa shule wakisema "tujenge uhusiano na vyombo vya habari", mara nyingi wanamaanisha tuwe na mtu wetu. Na nafasi ni finyu. Dakika nne za redio ni dakika nne. Zikienda kwa mhadhiri wetu, hazikwenda kwa yule wa chuo kidogo cha kaunti ya mbali asiye na ofisi ya mawasiliano, ambaye huenda analijua jambo lenyewe zaidi. Sikiliza vizuri sauti zinazotufafanulia uchumi. Ni zilezile, kutoka majengo yaleyale, wengi wanaume, wengi wako umbali wa teksi moja kutoka studio. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo. Kila mmoja wetu alimpigia tu mtu wake.

Aristotle aligawa urafiki mara tatu: wa faida, wa raha, na wa wema. Ule wa faida hukoma faida ikikoma. Kuna wanaomnukuu kana kwamba aliukashifu. Aliuweka chini ya ule wa wema, ndiyo, lakini hakusema si urafiki. Hilo linanipa nafuu kidogo. Mimi na ripota kufaana si dhambi. Mimi nataka shule ijulikane, yeye anataka habari ya kweli kabla ya saa kumi jioni. Tukikutana hapo tukiwa tumesema wazi, tunaheshimiana. Kinachonuka ni kujifanya kwamba hatufaani: ujumbe wa "heri ya siku ya kuzaliwa, bro" unaotumwa kwa sababu kompyuta ya ofisi imekumbusha. Huko ni kuvalia urafiki wa wema kwenda sokoni.

Lakini kuna mahali Aristotle hanifikishi. Katika urafiki wake kuna watu wawili. Katika huu wetu kuna watatu, na wa tatu hayuko mezani. Ni yule anayesikiliza redio kwenye matatu akielekea Githurai, akisikia neno "mtaalamu", na kesho yake akafanya uamuzi wa pesa kwa sababu ya alichosikia. Mimi na ripota tunaweza kufurahishana kabisa, tukatendeana haki kabisa, na bado tukawa tumemuibia yeye.

*

Tuongee kuhusu bahasha, maanake huwezi kuandika juu ya jambo hili Kenya ukaliruka.

Baada ya kongamano letu moja, ripota kijana, msee mwenye akili na maswali makali, alinisogelea karibu na mlango akaniambia kwa sauti ya chini, "Sasa mkubwa, na nauli?" Nilijua hesabu yake. Hakuwa na ajira ya kudumu. Alilipwa kwa kila habari inayochapishwa, na habari ikitupwa na mhariri, siku yake imepotea pamoja na pesa za matatu mbili za kutoka Rongai. Nilimwambia hapana, na nikamweleza kwa nini. Aliitikia kwa kichwa, akaangalia viatu vyake. Aibu iliyokuwa pale haikuwa yake peke yake. Nyuma yangu, mabaki ya chakula cha mchana yalikuwa yakirudishwa jikoni kwa toroli.

Kanuni za uanahabari zilizowekwa katika Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 hazimruhusu mwanahabari kupokea zawadi kutoka kwa wanaotaka kuathiri habari zake. Sheria imesema. Lakini utamaduni nao una lake la kusema: mgeni haondoki mikono mitupu, na aliyetembea kuja kwako hupewa chai. Kwa hivyo zawadi inaishia wapi na hongo inaanzia wapi?

Jibu langu ni la kienyeji tu. Zawadi hutolewa mbele ya watu. Ukimpa mgeni kuku, jirani wanaona. Hongo hutafuta kona. Jaribu kuiweka bahasha mwishoni mwa habari yenyewe: "Ripota wetu alipewa shilingi 1,000 na shule aliyoiandika." Ukiweza kuisoma sentensi hiyo hewani bila mtu kuinama, basi ni chai. Bado sijaona bahasha inayoweza kusomwa.

Hata hivyo, ni unafiki kumkazia macho kijana wa Rongai na kuliacha lile jambo kubwa. Shule inaponunua ukurasa mzima wa gazeti kutangaza masomo ya Januari, hakuna anayenong'ona mlangoni. Kuna ankara, kuna risiti, kodi imelipwa. Na hakuna haja ya kumwambia mhariri lolote. Anajua nani anamlisha. Siku habari mbaya kuhusu shule ikifika mezani kwake, ataisoma mara tatu mahali ambapo nyingine angeisoma mara moja. Bahasha ndogo tumeipa jina. Hii kubwa tunaiita bajeti ya matangazo.

Tulichoweza kubadilisha katika ofisi yetu ni kidogo, lakini ni kitu. Tangazo linaloweza kuelezwa kwa simu halifanyiwi tena kongamano hotelini. Mhadhiri ndiye anakwenda studio, kwa nauli ya shule, badala ya ripota kuja kwetu kwa nauli yake. Swali la nauli likapungua kwa sababu safari yenyewe ilipungua.

*

Kuna wanaosema haya ni matatizo ya nchi maskini. Sivyo.

Mwaka 1988 jarida la BusinessWeek la Marekani lilianza kuzipanga shule za biashara kwa nafasi, na Kellogg ikashika ya kwanza. Mwaka 1999 Financial Times ikaanza orodha yake ya dunia. Kuanzia hapo chombo cha habari hakikuwa tena mtu anayeiripoti shule. Kikawa pia mwalimu anayeisahihisha mtihani, na mara nyingi ndicho hichohicho kinachoiuzia nafasi ya tangazo. Karo, wafadhili, hata kazi ya mkuu wa shule, vyote vikaanza kuning'inia kwenye namba moja.

Ukining'iniza vitu vingi hivyo kwenye uzi mmoja, kuna mtu atauvuta. Shule ya biashara ya Fox, ya Chuo Kikuu cha Temple huko Philadelphia, ilishika nafasi ya kwanza kwa miaka minne mfululizo katika orodha ya U.S. News ya MBA za mtandaoni. Mwaka 2018 ikabainika kwamba takwimu zilizotumwa kwa jarida hazikuwa za kweli. Aliyekuwa mkuu wa shule, Moshe Porat, alipatikana na hatia ya ulaghai mwishoni mwa 2021, na Machi 2022 akahukumiwa kifungo cha miezi 14 pamoja na faini ya dola 250,000. Waliodhulumiwa ni nani? Jarida lilidanganywa, ni kweli. Lakini waliolipa ni wanafunzi waliochagua shule, wengine kwa mikopo, wakiamini namba.

Ya pili inanigusa zaidi, kwa sababu haikuhitaji mtu yeyote kughushi kitu. Filamu ya Inside Job ya mwaka 2010, iliyotengenezwa na Charles Ferguson kuhusu msukosuko wa fedha wa 2008, iliwaketisha maprofesa mbele ya kamera na kuwauliza nani anawalipa. Frederic Mishkin wa shule ya biashara ya Columbia aliulizwa kuhusu ripoti aliyoshiriki kuiandika mwaka 2006, iliyousifu uimara wa mfumo wa fedha wa Iceland. Chama cha wafanyabiashara cha Iceland kilimlipa dola 124,000. Oktoba 2008, benki kubwa za nchi hiyo ziliporomoka. Mwaka 2011 Columbia iliwawekea wahadhiri wa shule hiyo masharti ya kutangaza kazi zao za nje, na mapema 2012 chama cha wanauchumi wa Marekani kikawataka waandishi wa majarida yake kutaja maslahi yao.

Mtu anaweza kulipwa na bado akasema anachokiamini. Hilo linawezekana, tena ni la kawaida. Lakini si yeye wa kuamua peke yake kwamba malipo hayajamgusa. Huo ni uamuzi wa anayemsikiliza, na msikilizaji hawezi kuamua juu ya jambo asilolijua.

*

Nililiona hili kwa macho yangu, tena si kwa mamilioni.

Sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2021 iliipa Benki Kuu ya Kenya mamlaka ya kuzipa leseni kampuni za mikopo ya kidijitali. Kila kituo kilitaka mtu wa kueleza. Kimoja cha redio kilinipigia, na mhadhiri wetu aliyelijua jambo hilo kuliko wote alikuwa pia mshauri wa kulipwa wa mojawapo ya kampuni hizo. Nilipomuuliza mkubwa wangu kama tuwaambie, alinijibu kwa maneno mawili.

"Kwani wameuliza?"

Ukitaka kujua maadili ya ofisi yoyote ya mawasiliano, yatafute hapo. Hakuniambia nidanganye. Aliniambia ninyamaze, na kunyamaza hakuachi alama. Lakini kunyamaza huko ni kwa aina yake. Mtu anayekuuzia gari lenye breki mbovu naye hakudanganya. Kwani uliuliza?

Nilikwenda kwa mhadhiri mwenyewe. "Daktari, utasema?" Alikaa kimya kidogo. "Nikisema, wataniamini?" Nikamwambia, "Na usiposema, watakuwa wanakuamini kwa sababu gani?"

Alisema. Alianza kwa kumweleza msikilizaji kwamba anaishauri kampuni mojawapo kwa malipo. Halafu akaeleza jambo ambalo kampuni hiyo isingelipenda sana: ada ya asilimia 15 kwa mwezi inaonekana ndogo, lakini kwa mwaka ni asilimia 180, hata kabla hujaanza kuhesabu riba juu ya riba. Uliza jumla utakayolipa, alisema, usiulize tu makato ya leo.

Jioni mahojiano yakarushwa. Ile asilimia 180 ilikuwapo. Utangulizi wake haukuwapo.

Nilimpigia mtayarishaji wa kipindi. "Kaka, nilikuwa na dakika nne," akasema. "Hiyo ilikuwa sekunde kumi na mbili, na haikuwa habari." Hakuwa mtu mbaya, wala hakumficha mtu. Alikata kama fundi anavyokata kitambaa kinachozidi. Nilimwomba warudie. Asubuhi ya pili mtangazaji aliisoma kwa haraka, kati ya taarifa ya msongamano wa magari na wimbo. Kama ni wasikilizaji walewale, sijui.

Jambo hilo lilinitoa katika imani kwamba ukweli ni tabia ya mtu mmoja. Mhadhiri alikuwa mwaminifu na bado msikilizaji hakuambiwa. Ukweli wa aina hii hubebwa na watu wengi, na kila mmoja anaweza kuuangusha bila nia mbaya. Unahitaji mahali pake pa kudumu. The Conversation, jukwaa lililoanzia Australia mwaka 2011 na kufungua toleo la Afrika mwaka 2015, huwataka wasomi wanaoliandikia kutamka maslahi yao, na tamko hilo hukaa kwenye ukurasa wa kila makala, liwe na utamu au lisiwe nao. Hakuna mhariri anayeamua kama ni habari. Ni kama tarehe ya mwisho kwenye pakiti ya maziwa.

*

Wenzangu wa fani hii hupenda kusema uaminifu hulipa. Fungua milango, sema ukweli, na mwishowe jina la shule litang'aa. Natamani iwe hivyo, lakini siijengi hoja yangu juu yake. Kuna siku uaminifu haulipi. Yule mhadhiri hakuitwa tena na ile kampuni, na hakuna tuzo iliyokuja kujaza pengo. Ukiwa mwaminifu kwa sababu inalipa, siku itakapoacha kulipa utafanya nini? Nadhani uaminifu ni deni. Tunadaiwa na yule wa tatu, kwa sababu tunatumia sikio lake.

Nikilichukulia kuwa deni, kazi yangu inabadilika sura. Haiwezekani nipatikane kwa simu wiki ya mahafali halafu nizime wiki wanafunzi wanapoandamana kwa sababu ya karo. Kama ni uhusiano, basi uwe na siku zote saba. Siombi kuisoma habari kabla haijachapishwa. Naomba tu jina la mtu liandikwe vizuri na tarakimu zihakikiwe. Mhadhiri asiyelijua jambo simpeleki hewani eti kwa sababu nafasi imepatikana. Na nambari za wajuzi wa vyuo vingine, walionikubalia, hasa wanawake na watu wa mbali na jiji, nazitoa bila kinyongo. Mkubwa wangu huniambia sisi si shirika la misaada. Ni kweli. Lakini tunajiita shule, na shule ni neno linaloahidi zaidi ya duka.

Kuhusu ile methali, nimeamua kuisoma polepole. Haisemi kwamba chema hakitembei. Inaonya kuhusu kujitembeza, na nadhani tofauti ni mzigo uliobebwa. Kinachojitembeza hubeba jina lake tu. Chenye haki ya kutembea hubeba kitu ambacho mtu fulani anakihitaji, na kinakubali kufunuliwa chote, hata upande usiopendeza.

Wewe unayesoma hii huenda hutawahi kuajiriwa kazi kama yangu. Lakini wewe ndiye yule wa tatu. Taarifa ya habari ya saa moja jioni ikikuletea mtu mwenye tai na cheo kirefu, akakwambia ukope, uwekeze, ununue kiwanja au urudi shule, msikilize vizuri. Pengine ana hekima ya miaka. Halafu uliza alifikaje pale, nani anamlipa, na nani mwingine angeweza kuketi kwenye kiti kile. Ukiuliza hivyo humvunjii mtu heshima. Na siku ukiuliza kuhusu mmoja wa watu wangu, nipigie. Ni kazi yangu kukujibu.